Siku Zisizo za Soko: Namna ya Kuuza kwa Simu Kasese na Bwera

Jumanne na Ijumaa, soko la Mpondwe, jirani na Bwera, halihitaji mpiga debe. Tangu asubuhi watu wanavuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, upande wa Congo, wengine wanateremka milimani na kahawa na ndizi, na malori kutoka Kasese yanatafuta pa kushushia. Muuza samaki wa chumvi, vitenge, sabuni au vyombo akiwahi nafasi yake, wateja watampita mbele hadi jioni. Taabu huanza Jumatano. Mteja aliyenunua jana yuko Beni au Butembo, yule aliyeahidi kurudi hakuchukua namba yako, na mali iliyobaki imefunikwa turubai bila mtu kujua kwamba ipo. Kodi ya kibanda, hata hivyo, inaendelea kuhesabiwa.

Makala haya yanahusu siku hizo zisizo za soko. Ninashikilia jambo moja: kwa mfanyabiashara mdogo wa Kasese na Bwera, mitandao ya kijamii ina faida kubwa zaidi inapotumika kumshika mteja ambaye tayari amekuona, akaijua sura yako na akaridhika na mali yako. Huyo ndiye atakayenunua tena, na ndiye atakayemleta mwenzake. Kuwasaka maelfu ya watu wasiokujua ni kazi ya baadaye, ukishapata mtaji wa kuifanya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni onyo la haki kwa yeyote anayetaka kuficha mali mbovu nyuma ya picha nzuri. Ila kizuri kilichofungiwa stoo hakina njia ya kujiuza. Lazima kionekane, kwa bei inayojulikana, mkononi mwa mtu anayeaminika.

Chagua mlango mmoja kwanza

Wengi hufungua kurasa nne kwa siku moja, WhatsApp, Facebook, TikTok na Instagram, kisha baada ya mwezi zote zimekauka. Mteja akikuta ukurasa wenye tangazo la mwaka juzi anadhani umefunga duka. Afadhali mlango mmoja ulio wazi kila siku.

Kwa wengi wetu mlango huo ni WhatsApp, kwa sababu mteja tayari anao kwenye simu yake na anajua kuutumia. Pakua WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Haina malipo. Isajili kwa laini ya biashara, tofauti na ile ya nyumbani, ili oda zisichanganyike na habari za familia, na ili siku ukimweka kijana dukani umwachie simu ya kazi bila wasiwasi. Andika jina la duka kama linavyosomeka kwenye kibao chako. Eleza mahali kwa alama ambazo watu wanazijua: karibu na kituo gani cha mafuta, mkabala na benki gani, safu ya ngapi sokoni. Weka saa za kufungua na kufunga. Kisha jaza katalogi: picha ya kila bidhaa, jina, kipimo na bei. Katalogi iliyojazwa vizuri inajibu maswali usiku ukiwa umelala.

Milango mingine ina watu wake. Fundi cherehani, msusi, mchomelea vyuma na mwokaji keki watafaidika na TikTok, kwa kuwa kazi yao inapendeza ikionekana inafanyika: kitambaa kinakatwa, gauni linatokea. Mwenye nyumba ya wageni, mkahawa au kazi ya kuongoza watalii aanze na ramani ya Google. Anayekuja kupanda Rwenzori kupitia Kilembe, au anayeelekea hifadhi ya Queen Elizabeth, hupanga safari akiwa mbali sana na hapa, na hutafuta pa kulala kwenye ramani. Kujisajili huko ni bure. Weka picha za vyumba kama vilivyo, namba ya simu inayoanza na +256, na ujibu kila maoni, hata yale yanayouma.

Facebook inafika kwa ndugu zetu walioko nje na kwa wateja wengi wa Congo, lakini hapa Uganda imetufundisha somo. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliifunga Facebook, na muda mfupi baadaye intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Waliotaka kuendelea na Facebook ikabidi waingie kwa VPN. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018, tulilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua mitandao. Ilipoondolewa mwaka 2021, mahali pake pakaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Ukurasa wa mtandaoni ni kibanda kwenye kiwanja cha mtu mwingine: siku yoyote mwenye kiwanja, au mwenye barabara, anaweza kufunga. Kwa hiyo namba za wateja wako ziandike pia kwenye daftari la karatasi, kila moja na jina, mahali na kitu anachopenda kununua. Mtandao ukizimika, unapiga simu ya kawaida na biashara inaendelea.

Piga picha yako mwenyewe

Kuchukua picha ya kitenge au kiatu kutoka mtandaoni na kuiweka kama yako ni njia fupi ya kumpoteza mteja. Atafika kutoka Kisinga au Kyarumba kwa nauli yake, akute rangi nyingine, na hatarudi. Picha ya mali uliyonayo, hata kama simu si ya bei kubwa, inashinda.

Toa bidhaa barazani, kivulini, asubuhi kabla jua halijawa kali au alasiri. Pangusa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Simu inayoshikwa siku nzima kwenye samaki na unga hupiga picha zenye ukungu. Tandika kitambaa cha rangi moja chini ya bidhaa. Weka pembeni kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama mche wa sabuni au kiganja chako. Kwa kitenge, piga picha mbili: kipande kilichokunjuliwa, na maandishi ya ukingoni yanayoonyesha aina yake. Kwa samaki, onyesha tumbo na mkia. Kwa chumvi ya Katwe, onyesha daraja mbalimbali zikiwa sambamba, kwa sababu ile ya mezani na ile ya mifugo hazina bei moja. Kwa kahawa, onyesha buni zikiwa mkononi, si gunia lililoshonwa.

Kama bidhaa ina kasoro, ipige picha kasoro yenyewe na uitaje. Sufuria iliyobonyea kidogo inauzika kwa bei ya chini kwa mtu aliyeona alipobonyea. Ikifichwa, inarudishwa dukani pamoja na maneno.

Video iwe fupi, nusu dakika inatosha. Mteja analipia bando, na mteja wa Kasindi mara nyingi anasubiri mtandao utulie. Video ya dakika nne itafutwa kabla haijafunguka.

Taja bei

Kuna desturi imeenea Afrika Mashariki yote ya kuweka picha nzuri kisha kuandika "bei njoo inbox". Muuzaji anadhani anamvuta mteja karibu. Mteja naye anahisi kwamba bei itapangwa kwa kutazama sura yake, na mwenye haya au haraka anapita. Usimchoshe. Taja bei wazi, na kama unakubali kupunguziana, sema hivyo: mazungumzo ni sehemu ya soko letu na hayana aibu.

Hapa mpakani bei inahitaji maelezo zaidi ya namba. Taja kipimo: kilo, debe, dazeni, yadi. Taja fedha: shilingi, faranga au dola, na kama unapokea zaidi ya moja, sema unabadilisha kwa kiwango cha siku gani. Taja mahali: bei ya kuchukulia Mpondwe si sawa na bei ya mzigo uliofikishwa Beni, ambako kuna forodha, gari na barabara yenye hatari zake. Taja mwisho wa bei, kwa kuwa mali inayotoka ng'ambo hupanda na kushuka. Tangazo kamili linaweza kuwa fupi kama hili: "Kitenge, yadi sita, shilingi 45,000, kuchukua Bwera, bei hadi Ijumaa. Piga au andika." Mtu akilisoma hana swali lililobaki ila moja: nije lini?

Sema kwa lugha ya mteja

Kasese ni mji wa lugha nyingi. Mteja wa mlimani anazungumza Lukonzo, na jirani yake wa ng'ambo ya mto anaielewa kwa sababu Kinande ni ndugu yake wa damu. Mfanyabiashara wa Butembo atakuagiza kwa Kiswahili. Wa Kampala ataandika Kiganda au Kiingereza, na mtalii Kiingereza. Ukiandika tangazo lote kwa Kiingereza ili lionekane la kisasa, umewaacha nje wale wanaokupa chakula.

Tazama daftari lako: wengi wa wanunuzi wako ni akina nani? Andika kwanza kwa lugha yao, halafu ongeza mstari mmoja wa lugha ya pili. Na wako wateja wazuri, hasa akina mama wakubwa wa biashara ya jumla, wasiopenda kusoma kwenye kioo kidogo. Hao watumie ujumbe wa sauti. Anza kwa salamu, mtaje kwa heshima yake, sema una nini na kwa bei gani, ukome. Sauti ya mtu anayefahamika ina uzito ambao maandishi hayana, na mtu akisikia unamjulia hali kabla ya kumwambia habari ya mali, anakusikiliza mpaka mwisho.

Panga wiki kwa kufuata soko

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu wa Bwera. Soko lenyewe limekupangia ratiba, ifuate.

Jumatatu jioni weka kwenye status mali itakayokuwepo kesho, bei zake, na utakapokuwa umekaa. Status hudumu saa 24 tu, kwa hiyo ya Jumatatu jioni inasomwa na mtu anayefunga mzigo wake usiku na tena anapoamka kusafiri. Jumanne yenyewe usipoteze muda kuposti. Kazi ya Jumanne ni kukusanya namba. Kila anayenunua, mwombe namba na umtumie salamu papo hapo, akiwa bado mbele yako, kisha mwombe ahifadhi jina la duka. Hili watu wengi hawalijui: status yako haionekani kwa mtu ambaye hajahifadhi namba yako, na ujumbe uliotumwa kwa orodha ya matangazo haumfikii pia. Kuhifadhiana namba ndiyo mbegu ya mambo yote haya.

Jumatano tuma shukrani kwa walionunua na uwaulize kama mzigo umefika salama. Usiwauzie kitu siku hiyo. Swali hilo dogo litakuletea malalamiko mapema, yakiwa bado madogo, na litamkumbusha mteja kwamba kwako yeye ni mtu. Alhamisi pokea oda za Ijumaa. Mwambie mteja: niambie leo unachotaka, kesho utakikuta kimefungwa na kuandikwa jina. Anayevuka mpaka akiwa na saa chache za kurudi atakupenda kwa hilo peke yake. Jumamosi na Jumapili punguza kelele. Baadhi ya wateja wetu ni Waadventista Wasabato wasiofanya biashara Jumamosi, na wengine wako kanisani Jumapili. Kama kuna mali iliyobaki ya kuuzwa kwa bei ya chini, itangaze Jumapili jioni.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu hadi 256. Usiwarundike wote pamoja. Gawa: wanunuzi wa jumla, wa rejareja, wa Congo, wa mjini Kasese. Anayenunua magunia hana haja ya habari ya bakuli moja. Na kabla ya kumwingiza mtu kwenye kikundi, muulize. Mtu aliyeingizwa bila ridhaa hutoka kimyakimya, na mara nyingi hutoka kwenye biashara yako pia.

Jibu, peleka, pokea fedha

Swali la mteja lina uhai mfupi. Anayeuliza "ipo?" saa nne asubuhi, ukimjibu saa kumi, amekwishanunua kwingine. Tumia majibu ya haraka yaliyomo ndani ya WhatsApp Business kwa maswali yanayojirudia: mahali, bei ya jumla, namna ya kulipa. Kama huwezi kujibu kwa saa fulani, weka ujumbe unaosema utarudi lini, kisha urudi saa hiyo.

Chagua waendesha boda boda wawili au watatu unaowaamini na ukubaliane nao nauli za vijiji vinavyojulikana. Mtajie mteja nauli kabla hajalipa. Piga picha mzigo ukiwa umefungwa, mtumie pamoja na jina la anayeupeleka.

Fedha zikija kwa simu, usitoe mali kwa sababu umeona ujumbe kwenye kioo. Ujumbe wa kughushi unaandikwa na mtu yeyote. Fungua akaunti yako ya MTN au Airtel, tazama salio, ndipo utoe mali. Mteja wa upande wa Congo anatumia mtandao wa fedha wa kwao, basi mkubaliane mapema atalipa kwa njia gani na nani atabeba ada. Na kamwe usimpe mtu yeyote tarakimu sita zinazoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, hata akijitambulisha kama ofisa au rafiki wa zamani. Hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Akizipata, ataomba fedha kwa wateja wako kwa jina lako. Ingia kwenye mipangilio leo uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Linda jina lako

Mpakani jina huenda mbali kuliko mali. Usiweke picha ya mteja bila idhini yake, hata kama amependeza na nguo uliyoshona. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mtu, na adabu yetu ilidai hivyo tangu zamani. Usimwanike mdaiwa kwenye status. Deni linaweza kulipwa, lakini aibu ile wataikumbuka wote walioisoma, na kila mmoja wao atajiuliza zamu yake itakuja lini. Biashara haigombi.

Usidai kwamba dawa ya mitishamba, mafuta au juisi inaponya usichoweza kukithibitisha. Na kama unauza chakula kilichofungashwa, usichapishe alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ambayo hujapewa.

Kuwa pia mwangalifu na habari za mpaka. Juni 2019 Ebola ilipoingia Kasese kutoka Congo, na Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona, kila mtu wa Mpondwe aliona jinsi habari moja inavyoweza kusimamisha riziki ya siku. Unapopokea ujumbe kwamba daraja limefungwa au barabara ya Beni haipitiki, uliza kwanza watu wa forodha au madereva waliopita leo, ndipo uwaambie wateja. Muuzaji ambaye habari zake huwa za kweli, bei zake nazo huaminiwa.

Hesabu kilichoingia

Mali bila daftari huisha bila habari, na bando pia. Kila mteja mpya muulize: umetujuaje? Andika jibu kwenye safu yake: simu, rafiki, kupita sokoni. Mwisho wa mwezi jumlisha. Tuseme umetumia shilingi 30,000 kwa bando, na daftari linaonyesha oda 12 zilizokuja kwa simu, kila moja ikikuachia faida ya shilingi 5,000. Hiyo ni 60,000. Ukitoa bando umebaki na 30,000. Kama kuna nauli za boda ulizobeba mwenyewe, zitoe pia. Sasa unajua kama simu inakulisha au unailisha. Wingi wa waliopenda picha hauingii kwenye hesabu hii, na wafuasi wa kununua hawajawahi kulipa kodi ya kibanda cha mtu. Matangazo ya kulipia yasubiri mpaka daftari lioneshe bidhaa moja inayouzika kwa uhakika. Hiyo ndiyo uitangaze, kwa fedha kidogo, kwa wiki moja, kisha upime.

Uzeni pamoja

Mwisho, mtu mmoja mwenye simu moja atachoka. Wenye vibanda vitano katika safu moja wanaweza kuwa na katalogi moja, mpiga picha mmoja kati yao, boda mmoja, na daftari linaloonyesha kila oda ni ya nani. Mfano wa namna hii ya kazi tunao karibu. Bukonzo Joint, ushirika wa wakulima wa kahawa wenye makao Kyarumba, ulianza kwa kuweka akiba na kukopeshana, ukafundisha wanachama kuchuma buni zilizoiva tu na kuziosha katika vituo vidogo vya vijijini, na kahawa yao ikapata wanunuzi wa nchi za nje. Ubora ulitangulia, umoja ukaubeba, na soko likafuata.

Kwa hiyo wiki hii fanyeni mambo matatu. Kaeni na wenzenu wachache mnaoaminiana mkubaliane bidhaa kumi za kuanzia. Zipigeni picha barazani na kuandika bei zake wazi. Kisha kila mmoja awatumie picha hizo wateja ishirini anaowajua kwa majina, kwa salamu na kwa lugha yao. Wateja hao ishirini, wakihudumiwa kwa ukweli, ndio watakaowapa namba za ishirini wengine.